Jibu Nililompa Mtani Wangu

Nilipelekwa Unyamwezi kuhubiri nikiwa na afya njema, nguo za kubadili, na majivuno ya kuwatosha watu watatu. Mimi ni Mzigua wa Handeni. Enzi hizo za Waingereza, kwetu na Tabora palikuwa mbali, na mtu aliyeshuka garimoshi pale stesheni akitokea upande wa pwani alihesabiwa mgeni hasa. Kanisa lilinipa kijiji kimoja kupita Kwihara, kando ya njia ya zamani ya misafara, nikawafundishe watu kusali na kusoma. Nilidhani nawapelekea Mungu. Mwaka wa tatu ulipofika, sikuwa naye hata wa kunitosha mwenyewe.

Hakuna dhambi kubwa niliyotenda, wala msiba uliotufika. Asubuhi moja ya kiangazi nilipiga magoti kama kawaida, nikafumba macho, na maneno yakatoka vizuri kabisa, ila nilijua hayaendi popote. Ilikuwa kama kupiga hodi kwenye nyumba ambayo wenyewe wamekwisha kuhama. Nikafumbua macho, nikautazama ukuta wa udongo. Kesho yake ikawa vivyo hivyo, na mwezi uliofuata vivyo hivyo.

Niliogopa. Nalisema sasa kwa kuwa nimezeeka na aibu imenichoka. Kwanza niliogopa kugunduliwa, maana mwalimu wa dini asiyemwona Mungu ni mwizi tu, anakula michembe, viazi vikavu vya watu, bure. Kisha nikaogopa jambo baya zaidi, kwamba pengine sikupotea mimi. Pengine upande wa pili hapakuwa na mtu tangu mwanzo. Nikiwa njiani kwenda mjini, juu ya ardhi iliyochimbwa na nyayo za wapagazi, nilikuwa nageuka nyuma bila sababu, jasho likinitoka mchana kweupe. Kanisani nikawa napaza sauti. Watu wakasema mwalimu siku hizi ana moto.

Aliyenishikilia alikuwa mwenyeji wangu. Alikuwa mkulima wa karanga na mtama, mzee wa kanisa, wa kwanza kubatizwa kijijini pale. Yeye na mkewe walinipa chumba kwao, na watu wa nyumba hiyo walinilisha miaka yote mitatu. Tena alikuwa mtani wangu. Wanyamwezi na Wazigua ni watani tangu baba zao walipokuwa wakipita kwetu na mizigo kwenda pwani. Waligombana nasi mpaka wakaona afadhali tutaniane. Mtani akikutukana hukasiriki. Na ukifiwa, mtani ndiye anayekuja kuwachekesha wafiwa, kilio kisiwaue.

"Shikamoo, mzee," nilimwamkia kila asubuhi.

"Marahaba. Umeamka, mnyimi wewe? Baba yako alimnyima baba yangu maji, naye ana pembe ya tembo begani."

"Baba yako alikuwa ameshakula mahindi yetu shambani. Maji aliyataka ya kusukutulia."

Jumapili alikaa mbele kabisa, macho kayafumba, uso umetulia. Nami nikikwama katikati ya sala nilikuwa namtazama yeye. Nilijiambia, huyu anaona. Maadamu yeye anaona, basi kipo cha kuonwa.

Mvua za kwanza za mwaka uliofuata zikamletea kichomi. Mganga msaidizi alikuja kutoka mjini, akasikiliza kifua chake, akamwambia mama mwenye nyumba amtunze mumewe apate joto. Akafunga mkoba wake, na sote tulielewa.

Tangu hapo hofu yangu ikapata umbo. Niliogopa ataniuliza. Nikawa mjanja, naingia chumbani kwake wakati wageni wamejaa, nasoma zaburi, natoka haraka kana kwamba nina mgonjwa mwingine wa kumwona. Siku ya tatu, adhuhuri, niliwakuta wazee wawili wa kanisa wamekaa naye, na mkewe anampoza uji. Nilikuwa nimekwisha kufunga kitabu aliposema, "Mtani, kaa."

Nikakaa.

"Wewe umesoma," akasema, akipumua kwa shida. "Huko ninakokwenda, kuna mtu?"

Jibu nililijua. Watoto wangu wa darasa la ubatizo walilijua kwa moyo. Lakini nilimtazama machoni, nikaona nikimdanganya namdanganya mtu asiyekuwa na siku za kuja kuugundua uongo wangu. Nikimwambia kweli, namnyang'anya fimbo katikati ya mto. Na wale wazee wawili wangepeleka habari kwa wakubwa, nami ningerudishwa kwetu kama gunia lenye wadudu. Sikuchagua kuwa mkweli. Uongo wenyewe ndio ulikataa kutoka.

"Sijui, mzee," nikasema. "Mwaka mzima naita, siitikwi. Naogopa."

Alinikazia macho. Halafu akacheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, mkewe akamwinua na kumshikilia mgongo.

"Mnamsikia Mzigua huyu?" akawaambia wale wazee alipopata pumzi. "Hata nikiwa kitandani hanihurumii."

Nao wakaangua kicheko, kicheko cha watu waliokuwa wamebanwa kifua. Mmoja alifuta machozi akisema kweli utani hauna mipaka. Na mimi nikacheka. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilicheka nao. Akafa kesho yake alasiri.

Kwenye mazishi nilikuwa na kazi mbili, kuongoza ibada na kuwa mtani. Desturi inamtaka mtani aingie kaburini kabla ya maiti, alale humo, agome kutoka mpaka wafiwa wampe kitu. Wakubwa wa kanisa hawakuipenda, lakini wakubwa walikuwa mbali, na ukoo ulinitazama. Nikavua koti, nikaingia, nikalala. Udongo ulikuwa wa baridi. Kutoka chini niliona kipande cha mbingu na vichwa vya watu vimekizunguka. Nikasema moyoni, kama upo, niambie hapa. Nikangoja. Nikasikia jembe likigongana na jiwe, na mtu akipiga chafya.

"Toka, Mzigua, mwenye nyumba anataka kuingia," mtu mmoja akanitania.

"Siwezi," nikasema. "Miguu haina nguvu. Naogopa."

Walicheka mpaka wanawake waliokuwa wakilia wakacheka. Wakaniletea jogoo, wakanivuta kwa mikono miwili kwa sababu kweli sikuweza kusimama. Nikavaa koti, nikaongoza ibada ya ufufuo. Walisema hawajapata kuona mtani hodari kama mimi.

Matanga yalipokwisha nilianza kufunga mzigo. Nilikuwa nimekata shauri kuondoka na garimoshi la kwanza, bila kuaga. Mjane akanikuta chumbani. Akautazama mzigo, akavuta kigoda, akakaa.

"Mwalimu, nina maagizo ya kukupa," akasema. "Siku ile wale wazee walipotoka, marehemu aliniambia hukutania."

Nikaacha kamba. "Basi kwa nini alicheka, mama?"

"Wangekufukuza. Akasema afadhali wadhani ni utani." Akakunja pembe ya kanga. "Na akasema yeye pia. Tangu tumzike mtoto wetu wa kwanza, alikuwa akiita na haitikwi. Miaka ishirini. Hakuwahi kuniambia hata mimi mkewe. Akasema kanisani alikuwa akikusikiliza wewe unavyosali, anajiambia, huyu anaona, mimi nitashika shati lake. Ulipomjibu vile, alifurahi kupata mwenzake. Alilala vizuri usiku ule. Akasema nikwambie usiende."

Nilikaa chini kwenye mkeka. Miaka mitatu tulikuwa tumeegemeana kama vibanda viwili vibovu, na kanisa zima limeingia ndani kujikinga mvua. Hofu niliyoipata pale ilizidi hata ile ya kaburini. Nilimtazama yule mama, ambaye hakukosa ibada hata moja, aliyekuwa akiitikia amina kwa sauti kuliko wote, nikatafuta kwake kitu cha kushika.

"Na wewe, mama?" nikamwuliza. "Wewe unaitikwa?"

Nje kuku walikuwa wakiparua.

"Mimi nilikuwa nawategemea ninyi wawili," akasema.

Nikaanza kuufungua mzigo.