Visikizi vya Kisii na Kikohozi cha Baba Mkwe

Nilikwenda Kisii kwa sababu ya kinu cha kusaga unga. Kinu hicho ni cha jirani, kiko karibu na dirisha langu kuliko ninavyopenda, na huanza kunguruma saa mbili asubuhi, saa ile ile ninayoanza kazi. Kazi yangu ni ya simu. Nakaa nyumbani kwetu, nje kidogo ya Magwagwa, Nyamira, na kompyuta mezani, nawajibu wateja wa kampuni moja ya Nairobi inayouza taa za sola. Mtu wa Kitui analalamika kwamba taa haiwaki, nami namwuliza taratibu kama paneli imeelekezwa juani au imetundikwa jikoni. Jumanne ile msimamizi wangu akaniandikia ujumbe usio na hata salamu: wateja wanasikia mashine kuliko wanavyonisikia mimi. Jumatatu angesikiliza simu zangu tatu, halafu aamue kama naendelea au nampisha mwingine.

Nilikuwa na visikizi vya waya, vile vikubwa vya kufunika masikio yote, alivyoniachia mume wangu aliporudi kazini Nakuru. Nikaamua kutafuta vile vidogo visivyo na waya, vya kunyamazisha kelele, vya bei ya kati. Vya bei rahisi nilishawahi kuvinunua, nikalia. Vya bei ya juu ni vya watu wengine.

Alhamisi, siku yangu ya mapumziko, saa moja asubuhi. Kabla sijafunga mlango nikasikia kikohozi kimoja kikavu nje ya ukuta, nikajua Mzee ananihitaji. Mzee ni baba mkwe wangu. Mama mkwe alishafariki, na nyumbani tuko watatu tu: yeye, mimi, na binti yangu Moraa ambaye kutwa yuko shuleni. Mguu wa kushoto wa Mzee ulilegea tangu alipopooza, naye hutembea kwa fimbo, ila hakubali siku ipite bila kuzunguka kwenye shamba lake la chai.

Mimi ni mtu wa Homa Bay. Ekegusii nakisikia nusu nusu, kwa hiyo mimi na Mzee tunaongea Kiswahili, tena kidogo. Hapa kuna heshima kati ya mzee na mke wa mwanawe, wanaiita ensoni. Kwetu ziwani pia ipo, na siku hizi familia nyingi zimeilegeza, lakini Mzee ni wa zamani. Siingii chumbani kwake, haingii jikoni kwangu, hatushikani mikono. Akitaka kitu haniiti. Anasogea karibu na ukuta, anakohoa mara moja, anangoja. Mimi natoka, nasimama mbali kidogo, namwuliza.

"Baba, naenda Kisii. Chai iko kwa thamosi."

"Enda tu. Mimi niko sawa."

"Ukihitaji kitu, Baba Kerubo yuko hapo kwa mashine."

"Nimesema enda. Usichelewe gari ya watu."

Gari lenyewe lilikuwa pikapu ya Mama Kerubo, mke wa huyo huyo mwenye kinu, anayepeleka ndizi Kisii siku za soko. Nikakaa mbele, mikungu nyuma yetu ikisuguana kwenye kila kona. Barabara inapanda na kushuka katikati ya chai, na asubuhi hiyo wachumaji walikuwa wameshaingia shambani, vikapu mgongoni, mikono ikienda bila macho kuangalia. Nilimweleza Mama Kerubo ninachokwenda kutafuta. Akanitazama kwa pembe ya jicho.

"Kwa hivyo nakubeba na gari yangu ukanunue kitu ya kuzima mashine ya bwana yangu?"

"Ndiyo."

"Na unga unakula?"

"Nakula."

"Basi sawa, bora unakula." Akacheka mpaka akasahau kubadilisha gia.

Saa nne. Tulifika soko la Daraja Mbili, nikamsaidia kushusha mikungu miwili ili nisionekane abiria wa bure, halafu nikapanda mjini kwa miguu. Kisii ni mji unaopiga kelele kwa moyo wote. Kwenye mita chache tu nilipita mhubiri mwenye spika, muuza dawa ya panya mwenye spika kubwa kuliko ya mhubiri, na bodaboda wawili waliokuwa wakibishana kwa honi. Kwa mtu anayetafuta kifaa cha kunyamazisha kelele, hakuna mahali pazuri zaidi pa kukijaribia.

Duka la kwanza lilikuwa la vioo na taa nyingi. Muuzaji, bwana mmoja mwenye manukato makali, hakuniuliza nataka kwa kazi gani. Alinitia visikizi masikioni na kuniwashia muziki. "Madam, skia hiyo bass!" Nikamwambia sitaki ngoma, nataka kimya. Akatabasamu, akanipeleka mlangoni, akabonyeza kitu.

Mtaa ukaondoka. Sijui niseme vinginevyo vipi. Midomo ya mhubiri ilikuwa inaenda lakini mvumo wote uliokuwa chini yake, injini na jenereta na magurudumu, ulikuwa umezama, na kilichobaki kilikuwa chembamba na cha mbali. Nilikuwa sijakaa penye kimya kama hicho kwa miezi. Nilisimama pale mlangoni muda mrefu kuliko jaribio lilivyohitaji, na nakiri kwamba machozi yalinilengalenga. Nilishaamua kununua.

Muuzaji akanivuta mkono wa sweta. Nilipogeuka, nyuma yangu palikuwa na mama mzee mwenye mwavuli, amesimama, ananitazama kama mtoto asiye na malezi.

"Amekusalimia mara tatu," muuzaji akasema. "Umeziba mlango."

"Bwakire," nikamwamkia yule mama, nikasogea. Aliitikia kwa shingo upande, akapita. Mtu kukunyima salamu katika nchi hii si jambo dogo, na mimi nilikuwa nimemnyima bila kujua yupo. Ndipo nikamkumbuka Mzee.

"Nikiwa nimevaa hizi," nikamwuliza muuzaji, "mtu akikohoa nje ya ukuta nitamsikia?"

"Madam, si ndiyo maana ya noise cancelling? Hutasikia mtu!"

"Na mtu ninayeongea naye kwa simu, atasikia kelele za huku kwangu?"

"Hiyo pia inacancel," akasema haraka mno. Nikavivua, nikamshukuru, nikaondoka na kinyongo changu.

Saa sita. Chini ya ngazi za jengo moja nikamkuta Dorcas, fundi wa simu, dada wa makamo aliyekuwa ameinamia simu iliyofunguliwa tumbo. Visikizi vya kuuza alikuwa na aina nne tu. Yeye aliniuliza kwanza: "Ni ya nini?" Nikamweleza yote, kinu, msimamizi, na kikohozi. Akaweka chini kifaa chake cha kulehemu.

"Watu wanachanganya vitu viwili," alisema. "Kuna ile ya kukupunguzia wewe kelele kwa sikio. Na kuna ile ya maikrofoni, ya kumpunguzia huyo unaongea naye. Kwa boksi zote zinaandikwa maneno moja. Wewe ya kazi yako ni hiyo ya pili."

Aina mbili kati ya zile nne akazisukuma pembeni. Moja, alisema, imeandikwa maneno matamu lakini ndani hakuna kitu. Nyingine ni ghali kwa sababu ya mambo ambayo sitayatumia kamwe. Zikabaki mbili za bei ya kati. Tukazijaribu hivi: yeye akabaki na simu yake, mimi nikatoka hadi kwenye jenereta ya duka la fotokopi lililokosa umeme, nikampigia na kuongea ya taa za sola, huku akirekodi. Nikarudi tukasikiliza. Kwenye ya kwanza, iliyokuwa na kimya kizuri sana sikioni mwangu, sauti yangu ilikuwa inakatikakatika. Kwenye ya pili, kimya changu kilikuwa cha wastani, ila maneno yalisikika yote na jenereta ilikuwa mbali kama ya kijiji kingine.

"Sasa kikohozi," nikasema.

Dorcas akajificha nyuma ya pazia la duka, akakohoa kwa nguvu.

"Hapana, hicho ni cha mgonjwa. Kohoa kama mtu mwenye heshima."

Akakohoa tena, kidogo, kwa aibu. Sikusikia. Akanieleza kwamba mashine ya ndani huzima mvumo wa kudumu kama wa kinu. Kikohozi haikiwezi sana, lakini ule mpira unaoziba sikio ndio unaokifungia nje. Akanionyesha jinsi ya kugusa kisikizi mara mbili ili kiingize sauti za nje, akabadilisha mipira ikanikaa vizuri, akarudi nyuma ya pazia. Safari hii nilimsikia. Tulirudia mara nne, na mteja aliyeingia katikati akamshauri Dorcas ajaribu tangawizi.

Nikanunua hivyo vya pili. Nilitoka pale nimejaa fahari. Nilikuwa nimechagua kwa akili, nimejaribu kila kitu, na hakuna mtu aliyenidanganya.

Saa kumi. Mvua ya kila siku ilitukuta njiani. Mama Kerubo akaomba avijaribu, nikamwambia akiwa anaendesha haiwezekani, akaninunia hadi Nyamira mjini. Mimi nilikuwa napanga nitakavyomweleza Mzee.

Saa kumi na mbili jioni nilimkuta barazani kwenye kiti chake. Sikuweza kumtia kisikizi sikioni, kumgusa ni mwiko. Nikakiweka mezani, nikarudi nyuma, akakichukua, akakigeuza, akakirudisha.

"Hii kitu ndogo ndiyo umeendea Kisii?"

"Ndiyo, Baba. Nimechagua hii kwa sababu yako. Hii hata nikiwa nimevaa, ukikohoa nitasikia."

Matone yalikuwa bado yanadondoka kutoka kwenye mabati.

"Ile siku ya mvua ya mawe, wiki ilioisha," akasema, "asubuhi yake nilianguka kwa chai."

"Ulianguka?"

"Nilikohoa. Mara mingi. Nikakuona kwa dirisha unaongea na watu wako, umevaa zile kubwa. Nikangoja."

"Ukangoja mpaka lini, Baba?"

"Mpaka Baba Kerubo akazima mashine, akaenda kula. Akanipata, akaniinua. Nikamwambia asikuambie."

Baba Kerubo huzima kinu saa saba. Mzee hutoka kwenda shambani saa tatu. Nikahesabu, nikakaa chini pale pale kwenye ngazi.

"Kwa nini hukuniita?"

"Nikuite nikisema nini? Wewe ni bibi ya kijana yangu. Niko kwa matope, suruali haijakaa vizuri. Nikuite uone?"

Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye, nikajikasirikia mimi niliyekuwa nikimwuliza mtu wa Kitui kuhusu paneli wakati baba wa mume wangu amelala kwenye udongo akinitazama. Na nilikasirikia kutwa yangu ya majaribio. Nilikuwa nimewakohoza watu Kisii nzima, wakati tatizo lenyewe lilikuwa kwamba mtu anaumia na anaona afadhali akohoe. Hakuna duka linalouza dawa ya hilo, ilibidi tuongee.

"Baba," nikasema, "ukianguka, niite. Kwa sauti. Nitakuja na leso. Nitageuza uso, nikufunike kwanza, halafu ndiyo nikuinue. Sitaona kitu."

Alitazama fimbo yake.

"Nitafikiria," akasema, akaingia ndani.

Jumatatu, saa tano asubuhi. Kinu kilikuwa kinanguruma, visikizi vipya viko masikioni, vimefunguliwa vipokee sauti za nje. Simu mbili zilikuwa zimepita vizuri. Kwenye ya tatu nilikuwa na mama mmoja mwenye duka Voi, tumefika kwenye kufungua betri, nikasikia sauti ambayo sijawahi kuisikia tangu niolewe.

"Mama Moraa!"

Haikuwa kikohozi. Ilikuwa sauti nene ya mwanamume anayeita ng'ambo ya bonde.

"Nani huyo?" mteja akauliza.

"Baba mkwe wangu. Naomba unisubiri, mama."

"Nenda, mwanangu. Nipo."

Nilijua msimamizi anasikiliza. Nikanyakua leso, nikakimbia na viatu vya ndani hadi kwenye chai. Mzee alikuwa wima, fimbo ameikita ardhini, amenipa mgongo.

"Baba! Nini?"

"Hakuna kitu. Nilikuwa najaribu." Hakugeuka. "Sauti imefika?"

"Imefika."

"Hata na mashine?"

"Hata na mashine, Baba."

"Basi rudi kwa kazi."

Nilirudi nikicheka na kulia kwa pamoja, nikamaliza na yule mama wa Voi, aliyekuwa bado ananisubiri kweli. Mchana ujumbe wa msimamizi ukaingia. Sauti ni safi, mashine haisikiki tena, naendelea na kazi. Ila nilimwacha mteja peke yake kwa dakika mbili, na jambo hilo lisirudiwe.

Niliusoma mara mbili. Wiki moja nyuma ningeandika "samahani" kabla hata sijaumaliza. Nikamshukuru kwa kuniamini, kisha nikamwandikia kwamba baba mkwe wangu ameanza kuniita, na akiniita tena, nitaondoka tena.