Kioo Nilichokigeuza

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Sumbawanga, Mkuu wa kituo chetu cha picha alifungua kabati akanionyesha lenzi moja nzito kama jiwe la mizani. "Ndugu fundi," akasema, "hii ikiharibika inapelekwa Dar es Salaam. Wewe hutaifungua. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mzee." Uongo mtupu. Vidole vilikuwa vinaniwasha palepale.

Ninyi wa simu za mkononi hamwezi kujua lenzi ile ilikuwa nini kwetu. Namba yake ilikuwa moja nukta mbili, na namba ikiwa ndogo, tundu la kupitisha mwanga linakuwa kubwa. Ulipiga picha ndani ya nyumba yenye giza, bila flashi, mtu akatoka na kope zake zote. Lakini tundu kubwa lina tabu yake: mwanga unaopita pembeni mwa kioo haukutani na ule wa katikati, picha ikaingia ukungu. Kwa hiyo waliobuni lenzi za namna ile walipanga vioo saba, vingine vimetuna, vingine vimebonyea, kila kimoja kinasahihisha kosa la mwenzake. Hayo niliyasoma kitabuni tu, nikajiona bingwa.

Masika moja, unyevu na baridi ya Ufipa vikaotesha kuvu ndani yake. Mkuu alikuwa safarini. Nikaifungua, nikafuta, nikafunga. Kioo kimoja kilikuwa kimetuna pande zote mbili, upande mmoja zaidi kidogo. Sikukiwekea alama, nikakirudisha kinyume. Kisha nikatoka nje saa sita mchana, jua kali, nikabana tundu likawa dogo, nikaupiga ukuta picha. Picha safi! Mjinga mimi. Tundu likibanwa, mwanga hupita katikati tu, na kosa la pembeni linajificha.

Wiki ileile mpiga picha wetu, Ndugu Desideri, mtu wa Mollo, alitumwa kijiji cha Kaoze na lenzi ile. Bibi waliohitimu kisomo cha watu wazima walikuwa wanasoma mbele ya wageni, ndani ya ghala, huku mvua inanyesha. Akafungua tundu lote. Kamera zetu zilikuwa na dirisha la kuchungulia pembeni, si kupitia lenzi, hivyo hakuwa na njia ya kuliona kosa langu. Filamu tatu zikatoka kama zimepigwa kwenye moshi wa kuni.

Mkuu alizitupa mezani. "Desideri, wewe kipofu? Wazee wa watu wamesoma kwa mara ya kwanza, wewe unaniletea ukungu?"

"Mzee, nililenga vizuri," Desideri akasema. Halafu akaongeza, "Nadhani."

Mkuu akanigeukia. "Fundi, lenzi ina tatizo?"

Nilishajua ni kile kioo, lakini mke wangu alikuwa mjamzito, nami nilikuwa bado kwenye majaribio ya kazi. Nikasema, "Nzima, mzee. Nimeijaribu mwenyewe."

Desideri akaachishwa kazi. Alipotoka alinipa mkono, akanitakia kheri. Jumapili yake niliingia ofisini peke yangu nikakigeuza kile kioo, na hakuna aliyeuliza tena. Nikahamishiwa Mpanda, kisha Tabora, nikawa Fundi Mkuu, nikastaafu na cheti cha uaminifu. Uaminifu! Naona aibu hadi leo kukitundika.

Mwaka jana nilikwenda Mollo. Nilimkuta yeye na mkewe wanapepeta ulezi. "Shikamoo, kaka," nikasema, na kabla sijakaribishwa kiti nikayamwaga yote, nimesimama, machozi yananitoka.

Akaweka ungo chini. "Kwa hiyo macho yangu yalikuwa mazima?"

"Yalikuwa mazima, kaka."

Ningefurahi kama angenitukana. Akamgeukia mkewe, akamshika bega. "Umesikia, mama? Yalikuwa mazima. Na harusi zote nne za wanetu nilikataa kushika kamera."