Baba aliniambia niombe unga kwenye kazi ya hisa

Admin, ficha jina langu na mtaa wangu tafadhali. Kolwezi ni ndogo, na baadhi ya watu wa ofisini kwangu wanasoma ukurasa huu.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na tano, sijaolewa, naishi na baba yangu tu tangu mama afariki. Ni karani katika kampuni ndogo inayokodisha mitambo kwa migodi. Mshahara wangu ni wa kawaida, lakini bosi alinihurumia akamwandikisha baba kwenye zahanati ya kampuni, ingawa wazazi huwa hawaandikishwi. Baba ana kisukari. Sindano zake na vipimo vyake vyote vinatoka huko.

Kila jioni baada ya kazi nimekuwa nikijifundisha kuchambua hisa. Kwa wasiojua, unasoma hesabu ambazo kampuni inatangaza, unapima kama biashara yake inakwenda vizuri, kisha unawaandikia wenye fedha kama wanunue hisa zake au waziache. Malori ya shaba yanayotupitishia vumbi mlangoni ni ya kampuni ambazo hesabu zake nazisoma kwenye simu. Hapa mjini simjui mtu mwingine hata mmoja anayefanya jambo hili. Nikigundua kitu kizuri katika kurasa zile, sina wa kumwambia.

Hivi karibuni ofisi moja ya nje ya nchi ilitafuta mchambuzi msaidizi wa kukaa huku huku karibu na migodi. Niliomba, nikafanya majaribio, nikapita. Likabaki swali moja: natarajia mshahara gani, pamoja na mahitaji mengine?

Swali hilo lilinitia homa. Naweza kukwambia mkurugenzi wa kampuni fulani ya shaba alilipwa kiasi gani mwaka jana, kwa sababu kimechapishwa. Mshahara wa msaidizi haujachapishwa popote. Mtandaoni nilikuta viwango vya London na Johannesburg, cha Kolwezi hakuna. Nilimwuliza rafiki niliyesoma naye Lubumbashi, sasa yuko benki. Akaandika, "Ma chère, habaulizake mambo ya franga," yaani mambo ya fedha hayaulizwi, na mpaka leo hajaniandikia tena.

Ndipo nikamwuliza baba.

Baba alifanya kazi Kisenge, kwenye mgodi wa manganizi, enzi ambazo kampuni ilimpa mfanyakazi nyumba, shule ya watoto, matibabu, na posho ya unga kila mwezi. Kwake huo ndio mshahara. Franga zilikuwa nyongeza.

"Bantu banakuuliza unataka nini, na weye unaogopa kujibu? Andika, mama." Ananiita mama kwa sababu nimebeba jina la mama yake. "Andika nyumba."

"Tata, hii kazi ni ya ku ordinateur," nikasema, maana ni ya kompyuta. "Nitaifanyia hapa kwetu."

"Basi balipe loyer, kodi ya nyumba ya hapa kwetu. Andika lopitalo, ya weye na ya miye. Andika na bunga."

"Bunga, Tata? Ku bantu ba hisa?"

"Bo habakulake chakula?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Nikaona haya kumkatalia, nikaweka kiasi nilichokibahatisha, nikaongeza makazi, matibabu ya mzazi mmoja, na mgao wa chakula wa kila mwezi. Kwa Kifaransa yalionekana maneno ya heshima. Nikatuma.

Jumatatu, madame wa ile ofisi alinipigia kwa video. Nilikuwa nimejificha uani kazini, nyuma ya mitambo.

"Mademoiselle, huu mgao wa chakula ni nini?"

Nikaeleza habari ya unga. Watu nisiowaona wakaangua kicheko. Naye akatabasamu. "Kwa nafasi ya msaidizi hatujadiliani, kuna kiwango." Kiwango chenyewe kinazidi kidogo tu ninacholipwa sasa. Bima ya matibabu ni yangu peke yangu. Nikifaulu mitihani yao, baadaye kitapanda. Anataka jibu kabla ya Ijumaa kwisha.

"Samahani, madame," nikasema. "Hayo aliyaandikisha baba yangu. Ni mzee, hafahamu."

Hakuna aliyenilazimisha kusema hivyo. Simu ilipokatika nilibaki nimesimama pale, nikiogopa kurudi nyumbani.

Baba alikuwa ananisubiri mlangoni. "Baliitika?"

"Banataka nianze ku mwezi yenye inakuya, Tata."

"Nilikuambia! Weye ulikuwa unaogopa bure!"

Sikudanganya, lakini sikuendelea. Jumatano alisimama kwenye maombi kanisani akashukuru kwamba binti yake amepata kampuni yenye lopitalo. Watu walinipigia makofi, mama mmoja akanikumbatia, nami nikatazama sakafu. Leo asubuhi nimemkuta amesafisha kona ya jikoni na kupanga mbao chini ili mifuko ya unga isishike unyevu.

Nikihama, jina la baba linafutwa zahanati. Nimepiga hesabu mara nyingi: mshahara mpya ukiondoa dawa zake unabaki chini ya huu wa sasa. Nikikataa, sijui kama watu wa kazi hii watamtafuta tena mtu wa Kolwezi, na naipenda kazi hii kuliko kitu chochote nilichowahi kujifunza.

Ninyi mliowahi kuanza chini hivi, mshahara hupanda kweli au husemwa tu? Na ninyi wenye wazazi, nimwambieje? Nipeni hata sentensi ya kwanza. Kesho ndiyo Ijumaa. Humu ndani tuko wawili, kila jambo zito namwuliza yeye, na hili ndilo siwezi kumwuliza.