Pipa Apunguza Mwili

Pale bekari hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Pipa, naye aliitika kwa raha zote. Mikate ilipotoka motoni, kipande cha kwanza kilikuwa chake, na siagi juu.

Aliyemlea baada ya wazazi kufariki ni dada yake mkubwa, fundi wa makochi, mwanamke wa ulimi mkali na moyo mweupe. Macho ya dada yalipogeuka manjano, akasingizia vumbi la sponji. Tumbo lilipojaa maji, visingizio vikamwishia. Daktari akasema ini limekufa. Tumaini lililobaki ni kipande cha ini la ndugu mwenye afya.

"Nikate mimi!" Pipa akadakia kabla daktari hajameza mate.

Dada akakataa katakata. "Mimi nimeshakula chumvi nyingi. Wewe una watoto. Ukifa nitawaambia nini?"

"Dada, maneno yako yamenikata maini tangu utotoni. Sasa waachie wenye visu wamalizie."

Dada alicheka mpaka machozi yakamtoka, na alipomaliza kucheka hakukataa tena.

Damu zao zililingana. Ini la Pipa, hata hivyo, lilikutwa limejaa mafuta. "Hili halifai kugawa," daktari akasema. "Punguza mwili, urudi. Usichelewe, dada yako hana muda mrefu."

Basi ndugu yangu, Pipa alitoka mbio! Alikimbia alfajiri kabla ya kazi, akarudi nyumbani jioni kwa miguu. Mkewe akaficha siagi. Harufu ya mkate mpya ilimtesa hadi akawa anakanda unga kajifunga kitambaa puani. Wenzake walicheka, kisha wakaanza kushangilia kila alipokaza mkanda.

Aliporudi kupimwa, daktari aliitazama picha ya ini, akaitazama tena, akatabasamu. "Limesafika."

Pipa alimkumbatia na kumnyanyua juu juu, mpaka wauguzi wakaja mbio wakidhani ni ugomvi.

Walipasuliwa siku moja, vyumba jirani. Pipa alipozinduka, tumbo likimuuma kama limepitiwa na moto, neno lake la kwanza lilikuwa, "Limeshika?"

"Limeshika," muuguzi akajibu. "Linafanya kazi kuliko sisi."

Furaha ile ilitiwa doa. Siku chache baadaye nyongo ilivuja tumboni mwa dada, akarudishwa chumba cha upasuaji. Pipa alijikokota hadi mlangoni, mkono tumboni, asikubali kurudi kitandani. Madaktari waliziba pale palipovuja. Wiki hiyo haijaisha, macho ya dada yakaanza kuwa meupe.

Miezi ikapita. Pipa, aliyekuwa amekatazwa kubeba magunia ya unga, alipimwa tena: ini lililobaki lilikuwa limekua, karibu kufikia ukubwa wake wa zamani. "Limeumuka!" akapiga kelele, watu kwenye foleni wakageuka.

Dada atameza dawa maisha yake yote, mwili usije ukalikataa ini lile. Anazimeza, huku akinung'unika. Siku aliyorudi karakana alilizunguka kochi lililotengenezwa hayupo, akabonyeza pa kukalia, akaruka.

"Nani kapiga misumari hii? Mnataka kumchoma nani?"

Mafundi wake wakatazamana, kisha wakalipuka kwa vigelegele na makofi, na Pipa, aliyemsindikiza, ndiye aliyepiga kelele kuwashinda wote.