Khanga Iliyoganda Kwenye Boneti

Mkinicheka, chekeni, ila aibu hii mpaka leo inanipandisha hasira, na nusu ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Gari langu lilikuwa linababuka. Hapa kisiwani Mafia jua na chumvi havina huruma, na lile ganda jembamba linalong'aa juu ya rangi, mafundi wanaliita klia, lilikuwa linatoka kwenye boneti vipande vipande kama ngozi ya mtu aliyeungua. Mimi sipeleki kitu kwa fundi kabla sijakisoma, basi nikasoma, nikatazama video, nikaagiza makopo ya kupulizia kutoka Dar, nikapiga msasa, nikapuliza, ikakaa vizuri. Kesho yake ilikuwa harusi ya Saumu, mtoto wa dada yangu Zaituni, na gari la kumpeleka bibi harusi Utende kwa mumewe lilikuwa hilo. Asubuhi, umande haujakauka, nikaona boneti imefifia kidogo upande mmoja, nikaongeza tabaka zito. (Kopo limeandikwa wazi usipulize kukiwa na unyevu. Nilikuwa nimeyapigia mstari maneno hayo.)

Natoka kuoga, nakuta dada ametandaza khanga boneti nzima.

"Nani kakwambia uguse gari?"

"Nimelifunika lisipigwe jua. Hata asante hakuna?"

"Klia mbichi hiyo, dada."

"Ungesema, kaka. Mimi naota?"

Nikavuta pembe, khanga ikaja na klia. Nikaacha. Bibi harusi alishatoka, wanawake wananisonya kwamba nachelewesha watu, dada akamwaga asmini juu ya khanga akasema hapo sasa ni pambo, tukaondoka. Na mimi, ninayesoma mpaka maandishi ya chini ya kopo, khanga sikuisoma.

Sasa mjue kwamba mama yake bwana harusi alikuwa hamtaki Saumu. Alimtaka mpwa wake, na alilainika baada ya kubembelezwa sana. Siku hiyo alitoka mwenyewe mlangoni na chetezo cha udi mkononi, anatabasamu, akafika mbele ya gari, akasimama. Asmini zilikuwa zimepeperuka zote njiani. Akasoma kwa sauti, neno moja moja:

"Nuna upasuke, nimeshapata."

Akainua macho, akanitazama.

"Mama, shikamoo," nikasema. "Imeganda tu, ni klia."

Marahaba sikuipata.

"Imeganda mpaka mlangoni kwangu? Haya, ibandue."

Nikaibandua mbele ya ukoo wote, natoka jasho, inachanika, navuta, inachanika, na nilipomaliza rangi ya khanga ilikuwa imeshahamia kwenye klia. Mwanzo wa maneno ulitoka. Mwisho ukabaki juu ya boneti, mwekundu, unasomeka vizuri kabisa: NIMESHAPATA.

Yule mama akageuka na chetezo chake akaingia ndani. Saumu alikaa garini analia mpaka mumewe akatoka kumshika mkono.

Tukirudi, nilimuuliza dada njiani kama aliichagua khanga ile. Akasema aliokota ya juu sandukuni. Nikamuuliza tena, akatazama nje.

Sipulizi tena kitu siku ya shughuli, na mtu akisogea na khanga karibu na gari langu, kwanza naisoma. Boneti nimeshaipiga msasa ikatakata. Lakini mama mkwe mpaka leo hamwiti Saumu kwa jina lake. Anamwita Nimeshapata.