Namba Moja ya Simu, Wapiga Kura Thelathini na Wawili

Saa moja kasoro robo asubuhi. Mama Vocha anafungua mwavuli, anauchomeka kwenye tundu la meza yake, kisha anapanga mali: kadi za laini kulia, chaja kushoto, na katikati vocha chache za kukwangua ambazo hakuna anayezitaka tena. Anazifuta vumbi hivyo hivyo.

Mtu wa kwanza kufika hakuja kununua. Ni muuza mkaa wa mtaa wa pili, na swali lake ni lile lile la jana.

"Mama, mimi nimo au simo?"

"Ningekuwa najua si ningekwambia, baba yangu," anajibu, akijikuna kichwa kwa ncha ya kalamu. "Hata mimi mwenyewe sijui kama nimo."

Anachouliza muuza mkaa ni kama jina lake limo kwenye daftari la wapiga kura. Leo ni Jumatano. Asiyehakikiwa hadi Ijumaa saa kumi na moja jioni, jina lake linaondolewa. Majina thelathini na mawili yanaitegemea simu moja, nayo ni hii iliyofungwa kwa mpira juu ya meza.

Mama huyu, mwenye umri wa miaka hamsini na mmoja, amekaa kwenye kona hii miaka kumi na minne. Zamani aliuza vocha mia mbili kwa siku. "Siku hizi nikiuza kumi na moja, nafunga mapema nikajipongeze," anasema. "Vocha imehamia ndani ya simu. Na mimi ningehamia humo, ila sijui mlango uko wapi."

Lakini kazi yake haikuwa vocha tu. Mtoto aliye mbali akimtaka mama yake, alipiga kwa Mama Vocha, naye aliiacha meza akakimbia kumwita. Ndiyo maana wakati wa uandikishaji, miezi saba iliyopita, karani aliposema kisanduku cha namba ya simu kisiachwe wazi, majirani wasio na simu walimgeukia yeye.

"Nikawaambia, andikeni yangu. Kuna ubaya gani? Namba yangu mtaa mzima wanaitumia kama bomba la maji."

Ubaya ulionekana Jumatatu ya wiki hii. Ofisi ya uandikishaji ilimtumia kila mpiga kura namba ya siri ya kujihakiki. Simu ya Mama Vocha ikapokea jumbe thelathini na mbili, bila jina hata moja.

"Namba ya siri, namba ya siri, namba ya siri. Ya nani? Haisemi!"

Akapiga hesabu zake. Yeye ndiye aliyeandikishwa wa kwanza, kwa hiyo ujumbe wa kwanza lazima uwe wake. Akaingiza namba ile. Simu ikajibu: "Hongera, umehakikiwa." Akapiga kigelegele peke yake. Alipojaribu ya pili, akaambiwa simu hiyo imeshamhakiki mpiga kura mmoja, bila kutajwa ni nani.

Saa tatu anamwachia meza fundi cherehani wa jirani na kwenda ofisini. Mwandishi anafuatana naye. Ndani kuna kompyuta moja, benchi moja na feni inayoupepea ukuta. Karani, dada mpole aliyechoka, anaandika namba ya simu na kusoma jina la aliyehakikiwa.

Mama Vocha anakaa chini bila kukaribishwa.

"Huyo ni fundi saa. Tulimzika miezi miwili iliyopita."

"Kwenye mfumo yuko sawa kabisa, mama."

"Na mimi?"

"Wewe unasubiri."

"Marehemu yuko sawa, mimi niliye hai nasubiri?"

Anauliza kama watu wanaweza kuandikiwa namba nyingine, za watoto wao au majirani. Inawezekana, anasema karani, ila ujumbe wa kuidhinisha hutumwa kwenye namba ya zamani. Namba ya zamani si hii hapa? Ni hiyo, lakini kwa sasa imefungwa, ni ya marehemu. Mwandishi anaomba aelezwe upya. Karani anaanza, anapotea katikati, anacheka kwa aibu.

Njia iko moja. Ndugu wa karibu alete cheti cha kifo na kuweka dole gumba, jina lifutwe, namba ifunguke.

Ndugu huyo ni mjane wa fundi saa, ambaye mtaa humwita Bibi Saa, naye ni mmoja wa wale wanaosubiri. Chumbani kwake saa sita za wateja bado zinaning'inia ukutani, kila moja na wakati wake. Anasikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo bado yumo?"

"Yumo, bibi."

"Basi mwacheni."

Kisha anaeleza, bila hasira. "Kila ofisi niliyokwenda wamemkata. Kibanda wameandika jina jingine. Hata namba aliyokuwa nayo kabla simu yake haijaibiwa mwaka jana, kampuni imempa mtu. Niliipiga kwa simu yako, mama, unakumbuka? Akapokea kijana, akaniambia nimekosea namba. Hapo tu ndipo hawajamfuta."

Nje, Mama Vocha anafuta machozi kwa kiganja. "Njiani nilikuwa na maneno tele, yote yameniishia mlangoni. Nimemfufua mtu kwa kidole changu. Sasa nimwombe mkewe amzike mara ya pili?"

Hakumwomba. Ijumaa saa mbili watu ishirini na tisa walikuwa wamekaa kwenye ngazi za ofisi, wakimuuliza Mama Vocha wanasubiri nini, naye akijibu kwamba mtandao uko chini. Ulikuwa juu tangu asubuhi.

Saa tano kasoro, Bibi Saa alifika na bahasha yenye cheti cha kifo. Alimwomba karani ageuze kompyuta aione picha ya mumewe. Aliisogelea, akaitazama.

"Shati hilo nilimpigia pasi mimi," alisema, akaweka dole gumba.

Kazi ikaanza. Mmoja mmoja aliandikiwa namba ya mwanawe au jirani, ujumbe ukaingia kwenye simu ya Mama Vocha, akausoma kwa sauti, karani akaidhinisha. Muuza mkaa alitoka akijipiga kifua: "Nimo!" Mama Vocha alijifungulia laini mpya kutoka kwenye mali yake mwenyewe, akajihakiki, akashusha pumzi.

Saa kumi na nusu alibaki Bibi Saa peke yake, asiye na simu wala mtoto wa kumwazima. Karani aliuliza aandikiwe namba ipi, akamkumbusha Mama Vocha kwamba ile ya zamani ikishamhakiki mtu haitafunguka kwa mwingine.

Mama Vocha aliitoa laini aliyoishi nayo miaka kumi na minne, akaiweka kwenye kisimu cha vitufe alichokitoa mezani kwake. Siku ya kura, anasema, atapita kumchukua mjane huyo waende pamoja, na asubuhi hiyo atampigia kwanza.

"Mwandikie hii," alimwambia karani. "Daftarini ilikuwa ya mumewe. Ibaki nyumbani kwake."