Mfalme wa Tano Aliishia Kwenye Tumbaku

Nikiwa mdogo, meno ya mbele hata hayajaota tena, niliona watu wa Ilagala wakimpiga mamba aliyekwisha kufa. Walimpiga kwa michi, kwa makafi, kwa mawe, na bibi mmoja alimpiga kwa kiganja tu, kama mtu anayemkanya mtoto. Mamba yule alikuwa amemchukua mke wa mvuvi alipokwenda kuloweka muhogo, pale mto Malagarasi unapoingia ziwani. Walimtega kwa mbuzi na ndoana ya chuma, wakamvuta hadi nchi kavu, shoka likamwingia kichwani. Alikufa asubuhi, nao wakampiga mpaka adhuhuri. Baba alinibeba begani nione vizuri. Sijui kwa nini mtu anataka mwanawe aone kitu kama kile, lakini alinibeba, na nakumbuka mikono yake ilikuwa inanuka mawese. Walipompasua mamba tumbo zikatoka bangili mbili za shaba, mawe, na nywele. Mimi nikangoja. Nilikuwa na hakika yule mama mwenyewe atatoka. Watu walipoanza kutawanyika nikalia, nikamwambia baba, "Bado hajatoka." Akanizaba kibao hukohuko begani.

Baba alikuwa mtu wa vibao, Mungu amrehemu. Mwalimu wangu wa darasa la nne naye alikuwa mtu wa fimbo, tena za nyayoni. Siku moja alipokuwa ananichapa nilimng'ata mkono mpaka nikahisi mshipa unateleza kati ya meno yangu, nikakimbia, na shule yangu ikaishia hapo. Kwa hiyo mkiona mahali nimeandika ovyo, mlaumuni mwalimu yule, au meno yangu. Kusoma nilijua, ila nilisoma kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe: neno, kutulia, neno.

Nilipelekwa Ujiji kwa mjomba, ndugu wa mama. Yeye alikuwa nahodha wa mtumbwi wa dagaa. Kwa wasiojua kazi yetu, dagaa anavuliwa kwa taa za karabai. Anaiona taa gizani, anaifuata, unamzoa. Mwezi ukiwa mkubwa ziwa lote linang'aa, taa yako haina maana, hivyo wavuvi mnakaa bure siku nane, tisa, hata kumi. Siku hizo nyavu zinatandazwa mchangani zikauke na kushonwa. Wanaume wanakaa, wanavuta tumbaku, na kwa kuwa hawana cha kupiga wanapigana wenyewe. Nimeona mtu akipoteza nusu ya sikio kwa sababu ya mchezo wa bao. Nimeona ndugu wawili wa tumbo moja wakikimbizana kwa panga mpaka majini, kisha wakarudi wanacheka, mmoja ameshika utumbo wa samaki kwenye jeraha eti unazuia damu.

Hiyo ndiyo miaka watu walipokuwa wanavuka kutoka Burundi wakikimbia mauaji. Wengine walikuja kwa mitumbwi, wengine kwa miguu wakifuata ufuko, na wengine tuliwapata wavuni. Mara ya kwanza wavu ulipotuletea mtu, mjomba alisoma dua ndefu, tukamzika kwa heshima. Mara ya nne tulimtoa, tukamlaza juu ya mawe, tukaosha wavu, tukaendelea na kazi. Nakiri hilo. Mtu anazoea, na mimi nilikuwa na miaka kumi na sita.

Mtu ninayetaka kumsimulia alikuja kwa miguu, mchana, na mfuko wa gunia mgongoni. Alikuwa mwembamba, wa makamo, Mwislamu wa mjini huko kwao, Kiswahili chake kimenyooka kuliko chetu sisi ambao Kiha kinatuvuta ulimi. Mkono wa kushoto vidole viwili havikuwapo, na panga lilipopita palikuwa bado panatoa maji. Wenzake walikuwa wanapelekwa kwenye kambi ya wakimbizi. Yeye hakutaka kambi. Alimwomba mjomba kazi ya kushona nyavu.

Mjomba akautazama ule mkono, akacheka. "Mzee, utashona kwa meno?"

"Kwa vilivyobaki," akajibu.

Kabla ya alasiri alikuwa amefunga tobo ambalo mimi na mwenzangu lingetuchukua siku mbili. Akabaki. Alilala kwenye banda la nyavu, akala na sisi ugali wetu wa muhogo.

Ndani ya mfuko wake mlikuwa na shati moja, sahani ya bati, msahafu uliofungwa kwa kitambaa, na vitabu sita vyembamba, karatasi zake zina rangi ya chai. Nilimuuliza kwa nini mtu anayekimbia kifo abebe vitabu vya hadithi. Akasema ndivyo vilivyokuwa karibu na mlango.

Akanipa cha kwanza. Ukurasa wa kwanza wanaume wanampasua mamba, na ndani yake anatoka msichana mzima, ana meno ya mamba, na taya la mamba ameshika mkononi kama silaha. Mimi nilikaa chini palepale. Sikuinuka. Msichana yule alikuwa na wafalme sita wa kuua, maana wafalme sita walimtupa mama yake mtoni. Kila kitabu mfalme mmoja. Wa kwanza alikuwa anakula sauti za watu, kijiji chake kizima kikawa bubu. Msichana akamng'oa ulimi, na sauti zote zikatoka kwa mkupuo zikampasua mfalme kichwa. Jamani! Nilisoma mstari ule mara nane.

Mwenye vitabu alikuwa na sharti moja. "Ukirudisha kizima nakupa kinachofuata. Kikipungua hata jani moja, tumemalizana. Umesikia, mwanangu?"

"Nimesikia, mzee."

Basi nikaharibika. Nilisoma nikila, nilisoma chooni. Siku moja nilikuwa zamu ya kutoa maji mtumbwini kwa kopo, tunatoka kupeleka nyavu ng'ambo ya ghuba, nikafungua kitabu kidogo tu nione kama mfalme wa tatu amekufa. Maji yakafika kwenye magoti ya watu. Mjomba alinichapa kwa kamba mbichi tulipofika nchi kavu mpaka shati likaingia kwenye ngozi, na mama yangu mdogo akalitoa kwa maji ya uvuguvugu, uzi kwa uzi. Usiku ule nililala kifudifudi nikifikiria mfalme wa tatu.

Siku za mwezi mkubwa nilianza kuwasomea wenzangu huku wanashona. Mpiga kafi wetu wa mbele alikuwa jitu kutoka kijiji cha Mwandiga, shingo kama gogo. Mwanzoni alinikebehi: "Shehe wetu huyo, anatusomea khutba ya mamba!" Baada ya siku mbili yeye ndiye alikuwa wa kwanza kufika. "Wewe sha," ndivyo kwetu tunavyomwita mwenzetu, "leo anachinjwa nani?" Nikisita kwenye neno gumu ananipiga konzi. "Soma! Mtu ameshikwa koo, wewe unatafuta miwani!" Mshonaji wetu alikuwa akiinama kwenye tobo lake. Kwenye mauaji aliinuka akaenda kuchota maji. Niliona, lakini sikujiuliza.

Tukafika kitabu cha tano. Mfalme wa tano ana vichwa viwili, kimoja kinacheka kinapoua, kingine kinalia. Msichana amepanda juu ya paa la nyumba ya mfalme, taya liko mkononi, amechungulia, na vichwa vyote viwili vimeinuka kumtazama. Hapohapo mjomba akapiga kelele tukavute mtumbwi. Nikakiweka kitabu nilipokuwa nimekaa, nikakimbia.

Nilipokuwa nimekaa ni juu ya wavu.

Ufukweni kwetu palikuwa na sheria iliyotangulia zote: kitu kilichoachwa juu ya wavu uliotandazwa ni cha wavu, maana yake cha kikosi kizima. Iwe samaki, kofia, kisu, vyote sawa. Ilikuwapo kwa sababu watu wakikanyaga wavu kutafuta vitu vyao wanauchana. Mtoto wa miaka mitano aliijua. Mimi niliijua kuliko jina langu, na kichwa chenye mfalme wa vichwa viwili hakikukumbuka kitu.

Niliporudi yule wa Mwandiga amekaa anavuta, na wenzake wawili wanavuta, na karatasi ya misokoto yao ina rangi ya chai.

Nilichukua kafi nikampiga nalo shavuni. Mfupa ulilia, jino likaruka, nikampiga tena begani. Pigo la tatu alilidaka. Alinibwaga, akanizika uso mchangani, goti lake likiwa juu ya shingo yangu, damu yake ikinidondokea sikioni, naye anacheka. "Mfalme wako mtamu, sha! Amevutika vizuri!" Nilimeza mchanga. Nilidhani nakufa, na wallahi nilichosikitika ni kwamba sitajua kichwa kipi kilianza kukatwa.

Mjomba alitutenganisha kwa mateke. Akauliza swali moja, mbele ya wote: "Kitabu kilikuwa wapi?"

"Juu ya wavu."

"Basi. Sheria ni sheria. Na wewe umempasua mwenzio kwa ajili ya karatasi?" Akaniongeza teke la mbavu.

Jioni nikampelekea mshonaji kilichobaki. Akahesabu polepole. "Yamepungua majani kumi na moja."

"Si mimi, mzee."

"Najua. Nilikuwa pale."

"Basi nipe cha sita."

"Hapana."

"Walau niambie wa tano alikufaje."

Akafunga mfuko. "Tangu nivuke nimeulizwa na kila mtu watu wangu walikufaje. Askari wanauliza, wazee wanauliza, hata wanaonipa maji ya kunywa wanauliza. Nimechoka kusimulia, mwanangu."

Mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nilikaa siku tatu nikiona kile kitabu cha sita kikivimba ndani ya gunia. Chakula kilikuwa mchanga mdomoni. Siku ya nne, asubuhi, wote tuko kwenye nyavu, mfuko wake uko ubavuni pake kama kawaida, kamba ameitia mkononi. Nikauvuta. Akaushikilia kwa ule mkono mbovu. Nikapiga ngumi palepale kwenye vidole visivyokuwapo. Alitoa sauti ndogo sana, akaachia, nami nikautupa mfuko katikati ya wavu.

"Kilicho juu ya wavu!" nikapiga kelele.

Wakacheka, kwanza kwa mshangao, kisha kweli. Mjomba aliinua mkono kama atakayesema neno. Lakini siku nne nyuma alikuwa ameamua shauri mbele ya watu haohao. Akaushusha. Akausogelea mfuko yeye mwenyewe, akatoa msahafu, akaubusu, akamrudishia mwenyewe. Vilivyobaki viliachwa. Yule wa Mwandiga akachukua shati na sahani. Vitabu vingine vikaenda kwa wavutaji. Cha sita nikakinyakua mimi.

"Mzee, kaa tule," mjomba akamwambia. "Ni mambo ya ufukweni tu haya."

Mkono wa mshonaji ulikuwa unavuja. Alipiga fundo mwisho wa uzi aliokuwa akiushona ili usifumuke, akachomeka sindano kwenye wavu palipoonekana, akaufunga mkono kwa kile kitambaa cha msahafu, akasimama.

Mimi nilikuwa nimekwisha kukifungua cha sita. Nilisoma nikiwa nimesimama, damu yake iko vidoleni mwangu na imebandika pembe ya jani. Nilipofika chini ya ukurasa niliinua macho: anapita kwenye mitumbwi iliyopinduliwa. Nikageuza. Nilipoinua tena alikuwa anapanda njia ya Kasingirima, msahafu kwapani, hatembei haraka, hageuki.

"Mfuate basi, wewe!" mjomba akasema.

"Namaliza ukurasa huu," nikasema.

Niliumaliza. Njiani palikuwa na mbuzi wawili tu. Hakurudi siku ile, wala mwezi uliofuata tulipotandaza nyavu, wala tena.